Kidonge cha Getini

Kabla ya kufika getini, fundi cherehani alijibanza nyuma ya ukuta wa zahanati, akammezesha binti yake kidonge cha kushusha homa. Mtaa mzima ulimwita mtoto yule Kasuku kwa alivyopenda kupiga domo. Leo alimeza bila neno.

Tangu ugonjwa ule wa kifua uingie mjini, kila mwenye homa alizuiwa getini na kupelekwa kwenye hema la vipimo pale nje, na majirani wakamkimbia. Fundi hakuwa tayari kwa fedheha hiyo. Mwanawe alikuwa na malaria tu, akitetemeka vilevile kama mwaka jana. Walingoja mpaka jasho likamtoka na homa ikashuka.

Mlinzi alimwelekezea mtoto kipimajoto usoni. "Yuko sawa. Piteni, mama."

Ndani, muuguzi alimgusa Kasuku shingoni, akacheka. "Huyu mbona wa baridi kama maji ya mtungi? Umemleta kutembea?"

"Mpime malaria, dada yangu."

"Bila homa hatumtoboi mtu kidole. Vipimo vyenyewe vya kugombania, na wanaoumwa kweli wapo."

Fundi alitazama miguu yake. Aibu ilimpanda hadi masikioni. "Nilimpa kidonge," alinong'ona.

"Nini?"

"Kidonge. Ili tupite."

Muuguzi akaruka nyuma. "Mlinzi! Huyu mama kaingiza homa humu!"

Benchi zima lilijivuta pembeni. Jirani yake, ambaye fundi alimshonea sare za watoto juzijuzi tu, akamfunika mtoto wake mwenyewe uso kwa mtandio na kujifanya hamjui. Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze.

Hemani walimchokonoa mtoto puani, wakawaambia wasubiri. Kidonge kikaisha nguvu. Meno ya Kasuku yakaanza kugongana.

"Hana virusi vya huo ugonjwa wa kifua," daktari alisema hatimaye, kwa sauti ya kuwapongeza. "Nendeni nyumbani."

"Na homa hii, daktari? Si mumpime malaria?"

"Kipimo hicho kiko ndani."

"Basi turudi ndani."

Daktari alimtazama mlinzi. Mlinzi akatikisa kichwa. "Mwenye homa haingii, mama. Si unajua mwenyewe?"

Alijua. Alimbeba Kasuku mgongoni, joto lake likipenya gauni, na mbele ya foleni nzima akajisikia akisema, "Asanteni sana. Mtusamehe kwa usumbufu."