Mistari Kumi na Moja

Saa nne asubuhi mchora mabango alimaliza mstari wa kumi na moja, akashuka ngazini, akafuta brashi. Alipogeuka, mama yake alikuwa ameshakaa meza ya dirishani, amevaa aproni, anamenya vitunguu. Lilikuwa tawi la arobaini la mkahawa ule na rangi ya ukutani ilikuwa bado mbichi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula?"

Wakati huohuo mama alikuwa nyumbani na miwani yake, na alikuwa katika matawi mengine thelathini na tisa, kote akimenya vitunguu. Mambo hayo yalianzia tawi la kwanza. Meneja alipomwona alipiga simu makao makuu kuuliza apewe sare ya saizi gani, akajibiwa ya kati. Basi yakaishia hapo. Kabla ya chakula cha mchana mama huingia jikoni, akajidondoshea mchuzi nyuma ya kiganja cha kushoto, akauramba, akasema "chumvi", au asiseme kitu.

Mchoraji alitatizwa na salamu. Hakujua amwamkie yupi ili wengine wasinune. Mwishowe akawa anawaamkia wote, tawi kwa tawi, na kazi ikachelewa.

Mistari ile kumi na moja ilikuwa historia ya mkahawa, na haikubadilika hata nukta. Ilieleza kwamba siku moja Mwenye Mkahawa, akiwa jikoni kwake, alipata wazo: wateja wapite na trei mbele ya masufuria, wanyooshe kidole kwa wanachotaka, waondoke na bakuli lao lingali la moto. Wazo halikuwa lake. Mama alikuwa na kibanda chembamba kisichoingia meza. Alipanga masufuria juu ya ubao mlangoni, akawaambia watu, "Piteni, nyoosheni kidole, msinipigie kelele." Mwenye Mkahawa alikuwa mteja wa nne siku ile, na aliomba aongezewe. Baadaye alifungua chake ng'ambo ya barabara, akamwajiri mama apike. Mapishi yalipokwisha kuandikwa kwenye karatasi, mama akaambiwa akapumzike.

Mchoraji alitaka mstari mmoja tu wa mama yake. Alikwenda kwa afisa habari wa makao makuu.

"Ndugu yangu, ukuta umejaa," afisa alisema.

"Nitapunguza herufi."

"Herufi zina kipimo chake."

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Huyu alikuwepo mahali arobaini, na lake halikuwepo hata mahali pamoja.

Jambo jingine lilimtisha zaidi. Siku hizi, kila akifumba macho kukikumbuka kibanda, alimwona Mwenye Mkahawa ndiye ameshika upawa. Alimwona mama yake kwenye foleni, wa nne. Alijitahidi kuwarudisha kila mtu mahali pake, wakakataa. Jioni akamwendea mama nyumbani.

"Mama, ule ubao wa mlangoni, ni wewe uliyeuweka?"

Mama alivua miwani, akaifuta, akairudisha.

"Nilikuwa na hakika, baba. Lakini ukuta ule nimeusoma mara arobaini, tena ni mwandiko wako. Nawe hujawahi kunidanganya."

Mchoraji alikunywa chai aliyopewa, akaaga.

Mwezi uliofuata likafunguliwa tawi la arobaini na moja. Alichora mistari kumi na moja, kwa sababu ndiyo kazi aliyopewa, akashuka ngazini. Mama alikuwa amefika, ila hakuwa na aproni wala vitunguu. Alisimama mbele ya ukuta akausoma wote polepole, halafu akachukua trei akajiunga na foleni.

"Karibu, mama," alisema binti wa kaunta. "Ni mara yako ya kwanza kuja kwetu? Ni rahisi tu. Unapita na trei yako, unanyoosha kidole kwa unachotaka."

Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akanyoosha kidole. Mchoraji alihesabu watu kwenye foleni. Mama yake alikuwa wa nne.