Sinema ya Kiti cha Nyuma

Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na Haron alianza kupata upara mapema. Hayo ndiyo aliyokuwa akiyawaza mkewe, Eucabeth, Ijumaa ile mchana, amesimama kwenye ua wa fundi Ratemo mjini Kisii, akitazama viti vya mbele vya gari lao vikipasuliwa mgongoni ili vitiwe televisheni.

Televisheni mbili, jamani. Moja nyuma ya kiti cha dereva, nyingine nyuma ya kiti cha abiria, pale pa kuegemeza kichwa. Gari lenyewe waipa moja imekufa tangu mwaka juzi, kioo cha mlango wa nyuma hakishuki mpaka kipigwe kofi, na honi hulia likikata kona tu. Hayo yote Haron hakuyaona. Alichokiona ni gari la meneja wake, ambamo watoto wa meneja hukaa nyuma wametumbulia macho skrini, kimya, wala hawaulizi wamefika wapi. Tangu siku hiyo usingizi ukampaa.

"Ziwake zenyewe ufunguo ukizungushwa," alimwambia Ratemo. "Sitaki kubonyezabonyeza. Nataka iwe kama kwenye ndege."

Haron hajawahi kupanda ndege. Amezisindikiza kwa macho tu zikipita juu ya Nyamira.

Ratemo, fundi mtaratibu, aliuliza kitufe cha kuzimia akiweke wapi.

"Usikiweke. Watoto watakiharibu. Rimoti inatosha."

"Na sauti?"

"Rimoti."

"Na rimoti ikipotea, bosi?"

Haron akacheka kile kicheko chake cha mtu aliyewahi kwenda semina. Basi kimashine cha kuchezesha filamu kikakazwa kwa skrubu nne chini ya kiti cha dereva, flashi ikiwa ndani, nyaya zikafichwa chini ya zulia. Eucabeth aliuliza nani ameijaza ile flashi.

"Kijana wa duka la filamu. Nimemwambia atie za familia."

Eucabeth akamwacha. Yeye ni mwalimu wa gredi ya tatu kule Sironga, na miaka ya darasani imemfundisha kwamba kuna mtoto wa kuonywa na kuna mtoto wa kuachwa aanguke. Tena alikuwa na jambo lililomkaa rohoni kuliko televisheni. Jumatatu walikuwa wamchukue baba mkwe wake, Mzee Abner, kutoka Nyacheki, wamlete hospitali mjini Kisii atolewe mtoto wa jicho. Macho yote mawili yalikuwa yameingia ukungu. Alichobakiwa nacho ni kutofautisha mwanga na kivuli.

Miaka mitatu mzee alikataa. Nimeona ya kutosha, alisema. Daktari wa macho huja Jumatatu moja tu kwa mwezi, na mara mbili mzee alishavaa koti, akafika barabarani, akageuka. Safari hii ya tatu alikubali baada ya kujimwagia uji wa moto mguuni akidhani kikombe kipo. Lakini alikubali kwa sharti. "Nikigeuka njiani tena," alisema, "asije mtu kunitajia macho mpaka nife."

Aliyemshawishi ni Eucabeth, ingawa si kwa mdomo wake. Alimtuma mama mkwe, Mong'ina, kila wiki, kwa miezi. Maana Abagusii wana chinsoni, ile heshima ya kuoneana haya, na hakuna wawili wanaobanwa nayo kama mkamwana na baba mkwe. Hawagusani, hawakai karibu, hawazungumzi mambo marefu, na jambo lolote la chumbani halitajwi mbele yao, wala halionwi, wala halisikiwi wakiwa pamoja. Miaka kumi na mmoja ya ndoa, maneno ya Eucabeth kwa Mzee Abner yangetosha nyuma ya kadi ya mwaliko. Shikamoo, Baba. Chai hii hapa, Baba. Kwaheri, Baba.

Lakini miaka minne ya kwanza Eucabeth hakupata mtoto, na shangazi za Haron walianza kumtafutia Haron mke wa pili kwa sauti ya juu. Mzee Abner alisimama siku moja baada ya chakula, watu wamejaa, akasema anayetaja tena habari ya mke wa pili asikanyage boma lake. Akakaa, akaomba maji ya kunawa. Eucabeth alisikia akiwa jikoni. Hakuwahi kumshukuru. Angemshukuru vipi?

Basi Jumapili wakaenda kulala Nyacheki. Watoto wao, Ochoki na dadake Beverlyne, wakabaki Nyamira kwa Phanice, dada yake Eucabeth, kwa sababu ya shule. Na rimoti ikabaki nao, ndani ya mkoba wa Beverlyne, ambaye alikuwa amejiteua meneja wa televisheni. Haron aligundua wakiwa wameshafika Nyacheki. Akasema si neno, njia nzima zimechezeshwa katuni na katuni hazina ubaya. Debe tupu haliachi kuvuma.

Jumatatu alfajiri wakapangana garini. Mama Mong'ina hutapika akikaa nyuma, kwa hiyo akapewa kiti cha mbele. Kikabaki kiti cha nyuma, baba mkwe na mkamwana. Mzee mwenyewe akatoa amri kwamba mkungu wa ndizi aliokuwa akiwapelekea wauguzi uwekwe katikati. Ukawekwa. Mzee akajibana dirisha la huku, Eucabeth akajibana la kule, na ule mkungu ukasimama kati yao vizuri kabisa. Haron akazungusha ufunguo na skrini zote mbili zikawaka.

"Ni nini hiki kinachonimulika?" mzee akauliza.

"Televisheni, Baba," Haron akasema, na kifua kikamjaa. "Kila mtu na yake."

Hapo mtu anamwambia hayo mtu asiyeona. Eucabeth alitazama nje, akahesabu mistari ya chai.

Mashine ile huendelea pale ilipokomea. Kilikuwa kimebaki kipande cha katuni, wanyama wanaimba, na mzee alitikisa kichwa kidogo kufuata mdundo. Walipoipita Nyamache wanyama wakamaliza, majina yakapita, skrini ikawa nyeusi. Kisha kikatokea chumba, na kitanda, na mwanamume na mwanamke, na nguo zilikuwa zimeshaanza kupungua.

Za familia, alisema.

Eucabeth alivuta leso begani akaifunika skrini iliyokuwa mbele yake, akaifunga fundo kwa nyuma. Hiyo ni moja. Ya pili ilikuwa mbele ya magoti ya mzee, na kuifikia ilikuwa lazima ampitishie mkono kifuani. Mkamwana hampitishii baba mkwe mkono kifuani, hata gari likiungua. Tena leso ingefunika picha tu. Sauti ingeifunika na nini? Yule mwanamke wa kwenye filamu alikuwa ameanza kuhema.

Haron akasikia. Eucabeth aliona shingo yake ikilowa kutoka nyuma. Mwanamume mwenye akili angesimamisha gari, akazima, akatafuta bisibisi, potelea mbali. Lakini kusimamisha ni kukiri kwamba kuna kitu, na Waswahili wana msemo, lisemwalo lipo. Lisilosemwa, Haron alidhani, halipo. Alitia pamba masikioni, akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa pua, akakanyaga mafuta. Mtu wa ofisini huyo. Baba wa watu.

"Haron," mzee akasema. "Simamisha gari."

Mkono wake ulikuwa ukipapasa mlango, ukatafuta kitasa, ukakipata. Haron akapunguza mwendo bila kuacha kuimba. Mzee akikanyaga ile lami atarudi Nyacheki kwa miguu, akiongozwa na fimbo, na ukungu ule utabaki machoni mwake mpaka wamzike. Kwa sababu ya nini? Kwa sababu ya ujinga wa mwanawe. Hasira zilimpanda mpaka meno yakamuuma. Liwalo na liwe.

"Baba," akasema. "Wanachuma chai."

Wimbo wa Haron ukakatika.

"Nani?" mzee akauliza.

"Hao wa kwenye televisheni. Ni mume na mke. Mke amebeba kikapu, anapanda mlima, ndiyo sababu anahema."

Mkono wa mzee ulibaki kwenye kitasa. Gari lilikuwa karibu kusimama.

"Kikapu kimejaa?"

"Kimejaa, Baba. Majani yanamwagika pembeni."

"Na mume?"

Eucabeth aliitupia jicho skrini ya mzee. Mume hakuwa wa kusimuliwa. "Anamfuata nyuma."

"Mikono mitupu?"

"Mitupu, Baba."

Mkono wa mzee ukatoka kwenye kitasa, ukarudi kwenye goti. "Twende, Haron," akasema. "Tutachelewa."

Kule mbele Mama Mong'ina, ambaye Kiingereza hajui hata cha kuombea chumvi, alikuwa ameshaingia katika habari. "Mume gani huyo? Mke anavunjika mgongo na yeye anatembea tu?"

"Ndivyo alivyo, Mama."

"Atakuwa wa ofisini."

"Wanasemaje sasa?" mzee akauliza, maana wale wawili walikuwa wakinong'onezana kwa Kiingereza, mambo ya kumfanya Eucabeth atamani masikio yake yafungike kama milango.

"Mke anasema wafanye haraka wafike kituo cha kuuzia chai, lori lisije likawaacha."

"Lori la chai halimngoji mtu," mzee akasema.

Risasi ikalia kwenye filamu. Eucabeth mwenyewe alishtuka.

"Na hiyo?"

"Tairi la lori, Baba. Limepasuka."

"Basi watawahi."

Mama Mong'ina akamshukuru Mungu. Eucabeth akaendelea. Alimpandisha yule mwanamke mlima, akampitisha kwenye matope, akamkutanisha na karani wa kituo aliyekuwa akimtafutia majani mabaya katika kikapu. Kila alipokwama, mzee alimwuliza swali. Mvua imeshika? Daraja wamelipita? Maneno yalimtoka Eucabeth kama yaliyokuwa yamewekwa akiba, na kufika karibu na Kisii alikuwa amesema na baba mkwe wake mengi kuliko miaka yote kumi na mmoja.

"Huyo mume ana jina?" mzee akauliza.

Eucabeth aliitazama shingo ya mbele yake. "Hawajamtaja, Baba. Lakini kwa kumwangalia tu, ni mtu wa kupenda kununua vitu."

Mama Mong'ina akacheka mpaka akakohoa. Haron hakucheka. Alikata kona na honi ikalia.

Hospitalini wakaingizwa katika chumba kidogo. Daktari alikuwa mgeni, mtu wa nje, Kiswahili hana, na muuguzi wa kumtafsiria alikuwa ametoka kufuata fomu. Daktari akainama mbele ya mzee, akamweleza kwa Kiingereza watakachomfanyia, akamwuliza kama ameelewa na kama anakubali. Haron alikohoa kusafisha koo. Ilikuwa nafasi ya kujiokotea heshima yake iliyoanguka njiani, na asingeiacha.

"Baba," alianza, "daktari anasema—"

Mzee Abner akajibu mwenyewe. Kwa Kiingereza. Kiingereza cha polepole, kilichonyooka, cha watu wa zamani, kila neno limesimama mahali pake. Alisema ameelewa vizuri, anamshukuru daktari, anakubali, na kama hakuna tatizo angependa waanze na jicho la kulia. Daktari alifurahi, akamwuliza alijifunzia wapi. Mzee akasema alikuwa mpishi wa meneja wa shamba la chai kule Kericho, miaka tisa, na mke wa yule meneja hakupokea chakula kwa lugha nyingine.

Haron akamgeukia mama yake.

"Hamkujua?" Mama Mong'ina akasema. "Si hamkuwahi kumwuliza."

Ile filamu ikamrudia Eucabeth, neno baada ya neno, kila kilichonong'onwa, na kila neno mzee alikuwa amelielewa. Alijua tangu mwanzo. Kwa hiyo yale maswali hayakuwa ya mtu asiyejua. Kikapu kimejaa? Mvua imeshika? Alikuwa akimtafutia mahali pa kukanyaga, kila alipotaka kuteleza. Yeye alidhani amemfunika mzee aibu, kumbe mzee ndiye aliyekuwa akimfunika yeye, na kwa ajili hiyo akakaa garini mpaka mwisho, mtu ambaye kwa jambo dogo kuliko hilo alishageuka mara mbili.

"Alisikia yote?" Haron akanong'ona.

"Yote."

Haron akatafuta mahali pa kuweka macho, akapata sakafu. Eucabeth akamwacha hapo hapo. Siku nyingine angemwongezea neno.

Muuguzi akarudi, akamshika mzee mkono kumwongoza. Mzee akamwachia Mama Mong'ina kofia na fimbo, akavuka kizingiti, kisha akasimama bila kugeuka, kama inavyompasa mtu anayesema na mkamwana wake.

"Mama Ochoki," akasema. "Nikitoka utaniambia kama walifika kituoni."

"Walifika, Baba," Eucabeth akajibu. Mlango ukafungwa, naye akageukia ukuta, akalia mbele ya watu bila kuona haya.