Ushuru wa Mguu wa Mwalimu

Fundi wa viungo bandia alifika kituo cha mpakani saa nne asubuhi, mguu wa Mwalimu ameukumbatia ndani ya shuka safi. Mwalimu alikuwa mzee mstaafu aliyehamia kwa binti yake, ng'ambo ya mpaka. Wiki mbili nyuma alikuwa amempelekea fundi mguu huo, goti limelegea. Mguu mwingine hakuutaka, huu alishauzoea. Sasa alikuwa akimngoja fundi kwenye benchi la forodha, magongo ameyaegemeza ukutani.

Afisa wa forodha alikuwa anakula chipsi. Aliufunua mguu bila kunawa, akatumbukiza mkono ndani, pale panapogusa ngozi ya mtu, akapapasa kama anayetafuta magendo. Kitambaa laini ambacho fundi alikishona kwa mkono kikabaki na alama za mafuta.

Fundi akaambiwa huo ni mguu mpya, alipie ushuru wa mguu mzima. Akatoa karatasi iliyogongwa muhuri dirishani hapo hapo siku mguu ulipotoka, akaeleza kwamba kitu kikirudi kutoka matengenezo hulipiwa kilichoongezwa tu, yaani goti. Afisa akaipitisha macho, akasema karatasi hata yeye anaweza kuandika. Nani ajuaye kama mguu uliotoka ndio huu?

"Mzee auvae," akasema. "Ukimwenea, ni wake."

Fundi akaomba chumba cha faragha. Akajibiwa kwamba pale si hospitali. Kwenye foleni walikuwamo watu kama kumi na tano. Wengine wakageuza nyuso, wengine hawakuona haya. Mwalimu, aliyeingia darasani na tai miaka thelathini, akakunja suruali taratibu mpaka pajani. Afisa akainama juu ya kaunta, akakibonyeza kigutu kwa kalamu, mara mbili, kisha kalamu ile ile akaitia mdomoni.

Fundi akapiga magoti, akamvisha mguu. Ukamkaa sawasawa. Mwalimu akatembea hatua sita, akarudi.

Afisa akagonga muhuri. Ushuru wa goti peke yake haukufika hata bei ya zile chipsi.

"Asante sana, kijana wangu," Mwalimu akamwambia afisa, kichwa kimeinama.

Asante hiyo ilimchukiza fundi kuliko kalamu. Walipotoka nje alimketisha kwenye ukingo wa barabara, akauvua mguu, akaanza kuusugua kwa spiriti. Akamuuliza kwa sauti kavu, mtu yule alistahili shukrani gani.

"Goti litalegea tena, mwanangu," Mwalimu akasema. "Na dirisha ni lile lile moja."

Fundi alimvisha mguu, akamsindikiza hadi kwenye gari la binti yake, kisha akaenda kupanga foleni ya kurudi kwao.