Tembo Aliyeelekea Mlangoni

Kazi ya kutengeneza picha kwa vipande vya vigae ina ukaidi wake: hufanywa kinyumenyume. Vigae vidogo vidogo hubandikwa kwenye karatasi yenye mchoro vikiwa kifudifudi, uso chini, mgongo juu, kwa gundi ya unga wa ngano. Siku ya siku karatasi nzima hugandamizwa kwenye saruji mbichi ukutani, hulowanishwa kwa sifongo, kisha hubanduliwa. Hapo ndipo fundi anapoiona picha yake kwa mara ya kwanza, na kilichokuwa kulia kwenye karatasi kiko kushoto ukutani. Aliyekosea hujua akiwa ameshachelewa.

Ndiyo maana haifai kufanywa na mtu mmoja. Fundi wetu, mwanamke wa miaka sitini na kitu, aliifanya na mumewe kwa miaka thelathini na moja, mume akichora, mke akikata na kubandika. Kabla kigae cha kwanza hakijagusa gundi, mume alitungua kioo msumarini, akakisimamisha mbele ya mchoro na kuuliza, "Anaelekea wapi?" Mke alichungulia kiooni, ambamo picha ilionekana kama itakavyokaa ukutani, akajibu kulia au kushoto. "Haya, bandika." Waliowakuta katika hali hiyo waliondoka wakicheka: watu wazima na akili zao, wanaulizana njia ya bata!

Kazi yao ya mwisho ilikuwa ya ukumbi wa mapokezi wa hospitali ya watoto. Wanyama saba, kutoka mlango mkubwa ulioko kulia hadi kwenye korido ya wodi iliyoko kushoto, wote wakielekea ndani. Bata, kobe, twiga, nyani, pundamilia, sungura, na nyuma kabisa, karibu na mlango, tembo. "Mtoto akivuka pale," mume alisema, "asijione anaingia peke yake."

Michoro sita aliigeuza mwenyewe, tayari kwa kubandikia. Ule wa saba, wa tembo, haukugeuzwa. Asubuhi moja aliketi kitandani kuvaa viatu, akavaa kimoja, roho ikamtoka kabla ya cha pili.

Miezi saba ilipita. Mama Fundi, kama watu walivyomwita, alifanya kazi, maana angefanya nini kingine? Alikata vigae kwa koleo toka asubuhi, redio ikiwa wazi ili nyumba isikae kimya, akiwajibu watangazaji na kuwabishia. Binti yake, aliyeolewa mbali, alipiga simu kila Jumapili.

"Mama, umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

Hapo mtandao ulikuwa ukiharibika ghafla.

Alikuwa mpweke, tuseme ukweli, mpweke wa kusikia jiko likipoa. Kikombe cha mumewe, cheupe chenye mstari wa kijani ukingoni, alikivunja mwenyewe kwa koleo ili apate jicho la tembo. Jioni alijikuta anaosha kikombe kimoja.

Siku ya kumwanza tembo alitandika mchoro mezani, na mkono ukasita. Kulikuwa na kitu hakijafanyika. Akajiuliza kwa sauti, "Anaelekea wapi?" Akautazama mchoro, akajijibu, "Kushoto." Ndiko walikoelekea wote ukutani, basi moyo ukatulia, akabandika. Kioo kilikuwa palepale msumarini. Hakuwa amekigusa tangu mwenye kukishika aondoke. Wahenga hawakukosea: kidole kimoja hakivunji chawa.

Mafundi wa hospitali walimsaidia kumpandisha tembo ukutani siku ya Alhamisi asubuhi, wakaenda kunywa chai. Mama akalowanisha karatasi, akasubiri, akaibandua polepole kuanzia juu. Likatokea sikio. Likatokea jicho. Ulipotokea mkonga, akakaa juu ya ndoo.

Wanyama sita walikuwa wanaingia hospitali. Tembo alikuwa anatoka.

"Ala!" Muuguzi mkuu alikuwa amesimama nyuma yake, mafaili kifuani. "Mama Fundi, huyu mbona kawapa wenzake mgongo? Wamegombana?"

"Nimekosea."

"Basi mtoe, mama yangu. Kesho wageni wanakuja kuizindua. Watasema tumelewa."

"Akitoka ametoka. Mchoro ulibanduka na karatasi, umekuwa uji. Na vipande vitavunjika."

"Saruji inakauka saa ngapi?"

"Nina saa moja."

Muuguzi mkuu alimtazama usoni, akapunguza sauti. "Mimi sijui kazi yako. Amua wewe." Akaondoka, viatu vikilia sakafuni.

Amua wewe. Miezi saba alikuwa akiamua yeye. Akashika mwiko. Akalitazama lile jicho jeupe lenye mstari wa kijani, akaona aibu, kana kwamba mumewe amemkuta anaharibu kazi ya mwisho ya mkono wake. Kumwacha tembo ni kumwumbua marehemu mbele ya watu. Kumtoa ni kumvunja. La kuvunda halina ubani, alijisemea, akaweka ncha ya mwiko chini ya mkia, akakwangua. Vipande vitatu vikaanguka.

"Bibi, huyu anaelekea wapi?"

Mwiko ukamtoka mkononi.

Alikuwa mtoto wa kike wa miaka saba au minane, mguu kwenye plasta, magongo kwapani. Wauguzi walimwita Mwenyeji kwa kuwa alikuwa amekaa wodini miezi mitatu, na walimtania kwamba mgeni siku mbili, ya tatu angepewa jembe. Kwa kuwa hospitali haina jembe, walimpa kazi ya kuwakaribisha watoto wapya.

Hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza Mama swali hilo tangu asubuhi ya kiatu kile kimoja. Machozi yakamtoka, hakuyafuta, mikono yake ilikuwa na saruji.

"Kulia," akasema. "Anaelekea kulia, mjukuu wangu. Mlangoni."

Mwenyeji aliwatazama wanyama mmoja mmoja, taratibu, kama daktari anayepita vitandani.

"Hawa ndio wanalazwa," akasema. "Huyu ameruhusiwa."

Neno hilo alilijua vizuri. Alikuwa amewaona wenzake wangapi wakiruhusiwa, yeye akibaki. Akakunja uso. "Nani kaja kumchukua?"

"Hakuna. Anakwenda mwenyewe."

"Hawaruhusu," Mwenyeji alisema kwa ukali. "Lazima aje mtu."

Mama akainama, akaokota vile vipande vitatu, akavipaka saruji na kuvirudisha mkiani kimoja kimoja. Mumewe aliwafikiria wanaoingia. Wanaotoka hakuwafikiria, wala yeye mwenyewe hakuwa amewafikiria hadi dakika ile.

Adhuhuri tembo alikuwa ameshika ukuta. Mama aliosha mwiko na sifongo, akafunga mfuko wake wa vifaa. Ilikuwa imekwisha. Nyumbani kulikuwa na meza tupu, redio, na kioo msumarini, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na kipande cha kukata. Alitembea kando ya ukuta akiwapita bata na wenzake, wao wakija, yeye akienda. Alipofika kwa tembo akasimama.

Kutoka mdomo wa korido Mwenyeji akapaza sauti, ukumbi mzima ukageuka.

"Bibi! Na wewe umeruhusiwa?"

"Nimeruhusiwa!"

"Nani kaja kukuchukua?"

Mama aliweka kiganja kwenye shavu la tembo, chini ya jicho, pale saruji ilipokuwa bado na ubaridi.

"Huyu hapa," akasema. "Tunatoka wote."

Akausukuma mlango.