Nyumba Iliyofunga Mkanda

Jumatatu ya kwanza baada ya sikukuu, saa moja kasorobo asubuhi, msoma mita wa idara ya maji alibandika karatasi kwenye mlango wa kabati la vyombo. Gundi ilikuwa imekwisha, kwa hiyo aliishika pembe nne kwa plasta za vidonda. Mkewe, fundi wa nguo, alikuwa kwenye cherehani akifumua kiuno cha suruali ya mteja aliyenenepa kwa siku tisa. Bibi, mama yake msoma mita, alikuwa mezani na kikombe chake cha chai. Binti yao alikuwa anatafuta soksi.

"Tumefuja," alisema msoma mita. "Wageni wamelala mpaka kwenye korido, soda zimenyweka kama maji, nyama asubuhi na jioni. Sasa basi. Tunabana matumizi. Nyumba nzima ifunge mkanda."

Akasoma. Nyama Jumapili tu. Maziwa nusu ya yale ya zamani. Sukari kijiko kimoja, kisawazishwe kwa kisu. Taa iwake moja, nayo ifuate watu walipo. Miwani ya Bibi iliyovunjika mkono ingengoja, uzi ungetosha. Masomo ya ziada ya binti, hesabu na fizikia, yangesimama mpaka hali itengemae.

"Mtihani ni mwezi wa kumi," alisema binti. Alizaliwa kabla ya wakati wake, wakamwita Kiduchu, na jina hilo likamganda hata baada ya kuwazidi wote kimo.

"Mwezi wa kumi uko mbali."

"Na dawa yangu ya magoti?" aliuliza Bibi.

"Iko ukurasa wa pili, mama."

Bibi akainuka, akabandua plasta mbili za chini, akaigeuza karatasi kwa kidole, akasoma ukurasa wa pili bila miwani, akairudisha ilivyokuwa.

Siku ya tatu fundi aliona mapazia yanaburuta chini. Aliyashona mwenyewe kabla ya sikukuu, na katika miaka kumi na minane ya kazi hajawahi kukosea pazia. Alichukua futikamba akapima dirisha. Lilikuwa limepungua inchi nne kwa urefu na tatu kwa upana. Aliitilia shaka futikamba, akailinganisha na rula ya shule ya Kiduchu, zikakubaliana. Akapima sebule. Nayo ilikuwa imepungua inchi tano, kutoka ukuta wa kushoto hadi wa kulia.

"Mama, nyumba inabana," alimwambia mkwewe.

"Si aliiambia?" Bibi alijibu. "Alisema nyumba nzima. Mimi nilidhani anatuambia sisi."

Fundi akayakunja mapazia akayapiga upindo mpya. Nyuma ya daftari la vipimo vya wateja, baada ya kiuno cha mke wa muuza duka na mabega ya mwalimu, aliandika neno *Nyumba*, akaweka tarehe na kipimo. Kila Jumamosi alipima tena.

Mwisho wa mwezi jirani yao, mwashi aliyestaafu mgongo lakini si mdomo, aligonga mlango. Ukuta wake na wao ulikuwa mmoja tangu nyumba zijengwe. Sasa katikati palikuwa na upenyo, na paka wake alikuwa amehamia humo.

"Ukuta wenu umeachana na wangu," alisema. "Nimekuja kujua kama kuna ugomvi."

Walimkaribisha. Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akaweka sikio, akapangusa vumbi mikononi.

"Hauna ufa. Ukuta mzima wa afya. Ila nafasi haipotei, Mama Kiduchu. Nafasi inahama."

"Inahamia wapi?"

"Yanakokwenda hayo mliyoyaacha." Akaitazama chai aliyopewa, akaionja, akaiweka mezani. "Ikiwemo sukari."

Maneno hayo yalibaki na fundi kama mwiba wa samaki kooni. Maana ndani ya nyumba ile walibana kwelikweli, na hakuna kitu kilichoonekana kubaki. Kopo la akiba juu ya kabati lilikuwa tupu kama lilivyokuwa mwaka jana, na mwaka juzi. Kila mtu alianza kumtazama mwenzake kwa jicho la pembeni. Kiduchu alichora mstari kwenye chupa ya maziwa, akimshuku Bibi. Bibi naye alichora wake chini ya ule, akimshuku Kiduchu. Kopo la sukari lilihamia chini ya mto wa Bibi. Msoma mita alisema wateja wa mkewe wana mikono mirefu, akaagiza wapokelewe barazani. Fundi alikuwa akihesabu nani anapungua na nani hapungui.

Bibi alipungua. Kiduchu alipungua, sketi ya shule ikazunguka kiunoni. Yeye mwenyewe alihamisha vifungo mara mbili. Mumewe alimletea suruali zake tatu za kazi, akaomba ziachiliwe kidogo nyuma.

"Zimerudi kwa kufuliwa," alisema.

"Zote tatu?"

"Maji ya sasa yana dawa nyingi. Sisi wa idara tunajua."

Jioni hakuwa akila. Alisogeza sahani akasema amekula upepo, kazi yake ni ya kutembea. Shati lake lilinukia vitunguu vya kukaanga.

"Nimepitia jikoni kwa mtu kusoma mita," alieleza.

"Mita iko jikoni?"

"Siku hizi wanaziweka popote."

Machale yalimcheza fundi. Aliona ni mwanamke. Alimjengea sura kabisa, akampa umri, akampa na sufuria. Usiku alimtoa meno mawili, asubuhi akamrudishia.

Kufikia mwezi wa tatu kabati la nguo lilikuwa limekwama chumbani milele, kwa sababu mlango ulikuwa mwembamba kuliko kabati. Kitanda cha mume na mke kilikatwa kwa msumeno, ukabaki upande mmoja, wakawa wanalala kichwa huku na miguu kule. Kwenye korido ilibidi mtu apite kiubavu, na wakikutana wawili, mdogo alirudi nyuma kwa heshima. Nje, mwashi alipanda mboga kwenye upenyo. Zilistawi. Alimletea Bibi fungu, na Bibi akazila zote kabla binti hajarudi kutoka shule, halafu akasema mwashi hajaleta kitu.

Wiki hiyohiyo mwashi aliitwa kazini, kwenye safu ya vyumba vya kupanga nyuma ya gereji. Mpangaji mmoja alilalamika kwamba ukuta wa jirani unasukuma kitanda chake. Mwashi alikwenda akapima, akarudi moja kwa moja barazani kwa fundi.

"Chumba cha katikati kinatanuka," alisema. "Kimeongezeka futi sita na inchi mbili."

Fundi akafungua daftari nyuma. Jumamosi iliyopita, sebule, korido na vyumba kwa pamoja vilikuwa vimepungua futi sita na inchi mbili.

"Anakaa nani?"

"Mlango una kufuli kubwa. Nilisikia redio tu. Na harufu ya nyama, Mama Kiduchu, sitaki kukudanganya."

Alhamisi saa nne asubuhi fundi alivaa gauni lake la sikukuu, akachana nywele, akapaka mafuta miguuni. Mwanamke haendi kukutana na mwenzake akiwa amechakaa. Futikamba aliitia mkobani. Njiani alipanga maneno, akayafupisha mpaka yakabaki sentensi tatu, na ya tatu ilikuwa kali kuliko zote.

Safu ile haikuwa ngumu kuitambua. Vyumba vya pembeni vilikuwa vimejikunyata, na cha katikati kimetuna, na madirisha yake mawili mapana yanang'aa. Kufuli halikuwepo nje. Aligonga. Redio ikapunguzwa sauti.

"Nani?"

Aliijua sauti hiyo kwa miaka kumi na saba. Akasukuma mlango.

Mumewe alikuwa amekaa kwenye kiti kikubwa cha kitambaa, amevaa fulana, miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Taa tatu zilikuwa zinawaka mchana kweupe. Nyama ilikuwa inakaangika kwa mafuta kwenye jiko dogo, na juu ya jokofu palikuwa na sukari, si kopo, mfuko mzima. Daftari lake la mita lilikuwa dirishani, limefunikwa na gazeti.

"Yuko wapi?" fundi aliuliza.

"Nani?"

"Mwenzako."

"Niko peke yangu."

"Peke yako na nani?"

Hakumngoja ajibu. Alitazama nyuma ya mlango. Alitazama nyuma ya jokofu. Alitafuta kitanda ili aangalie chini yake, hapakuwa na kitanda. Kulikuwa na sahani moja, kikombe kimoja, kijiko kimoja, taulo moja. Hapakuwa na kanga, wala kitana, wala unywele mrefu kwenye sabuni. Zile sentensi tatu alizopanga hakuwa na wa kumpa. Akasimama katikati ya chumba, akaona kwamba angemkuta mwanamke angekuwa na la kufanya.

Kwa hiyo akatoa futikamba akapima. Ilipofika kwenye kiti, mumewe aliinua miguu kutoka kwenye beseni, maji yakachuruzika, futikamba ikapita chini, akairudisha miguu majini.

"Ni ileile," alisema fundi. "Mpaka inchi ya mwisho."

"Kinakua chenyewe. Mimi sijagusa ukuta."

"Tangu lini uko hapa?"

"Kutanuka, mwaka huu. Kukaa, huu ni mwaka wa sita."

"Unafanya nini?"

Msoma mita alifikiri. Hakuwa mtu mwongo kwa asili, ila alikuwa amezoea.

"Nakaa," alisema. "Mtu anahitaji mahali ambapo hakuna anayemwomba kitu. Kule nyumbani, nikivua kiatu tu, mama ana magoti, mtoto ana ada, wewe una nyuzi. Hapa navua viatu, basi."

"Kiduchu ameacha masomo ya ziada."

"Najua. Hilo nimelifikiria sana."

"Umelifikiria wapi?"

"Hapa," alisema.

Nyama ilianza kushika chini. Msoma mita akainuka na miguu yake iliyolowa, akaigeuza, akaonja chumvi. Akamtazama mkewe, akaitazama ile sahani moja, kisha akafunika sufuria.

"Haijaiva," alisema. Halafu akauliza, sauti imebadilika, "Nani amekuonyesha hapa? Ni yule mwashi?"

Fundi alikunja futikamba, akaondoka.

Nyumbani alimkuta Bibi amekaa korido, mgongo ukutani na magoti yakigusa ukuta wa pili. Alichuchumaa pembeni yake, akamweleza yote, kiti, beseni, sahani moja. Hakulia. Bibi alisikiliza huku akifunga upya uzi wa miwani.

"Kina dirisha?" aliuliza.

"Mawili, mama."

"Basi ameendelea," alisema Bibi. "Cha baba yake kilikuwa na moja."

Fundi akamtazama.

"Ulijua?"

"Cha baba yake nilikijua. Cha huyu nilikuwa nakihisi tu." Akavaa miwani. "Nilipokigundua nilikuwa na watoto watano. Ningekwenda kumwambia nani? Wote walisema nishukuru Mungu hakina mwanamke."

Kisha akaingiza mkono kifuani, akatoa kijiko cha sukari alichokuwa amekifunga kwenye kipande cha karatasi, akampa mkwewe. Fundi akailamba papo hapo, yote.

Jioni msoma mita alirudi saa zilezile. Alisema amekula upepo.

Mwezi wa tano kuta za chumba cha Kiduchu zilikaribiana kiasi kwamba kitabu hakikuweza kufunguka kurasa mbili. Fundi alimsubiri mumewe barazani.

"Baba Kiduchu, sikuombi kitu kingine. Mpe mtoto ufunguo. Jioni uko nyumbani, chumba kiko tupu. Akasome hata kwa saa mbili."

"Atagusa vitu."

"Atasoma."

"Leo kusoma, kesho ataniletea wenzake. Kesho kutwa mama atataka kupumzisha magoti. Wewe hujui mambo haya yanavyoanza." Akamtazama kwa macho yaleyale ya shaka ambayo fundi alimtazamia yeye miezi yote ile. "Au ni wewe unayekitaka?"

Siku iliyofuata alitia kufuli la pili.

Kiduchu alijifunza kusoma kitabu kikiwa nusu kimefungwa, ukurasa mmoja kwa jicho moja. Alisimama, kwa sababu kukaa kulihitaji nafasi ya kiti. Wa kumweleza fizikia hakuwepo, akawa anayakariri asiyoyaelewa.

Jumapili moja ya mwezi wa saba walikuja wenzake wawili wa msoma mita kutoka idara ya maji. Waliingia kiubavu, kofia mkononi, na hawakuuliza kitu, kwani nao walikuwa na nyumba zao. Walipangwa sebuleni mmoja nyuma ya mwingine, mwenyeji mbele, na vikombe vikapitishwa juu ya mabega.

"Watoto wa siku hizi wanataka nafasi," msoma mita alisema, bila kugeuka, maana kugeuka kusingewezekana. "Meza yake, taa yake, chumba chake. Lakini huyu wangu, mtazameni. Hana makuu."

Wageni walinyoosha shingo. Mwisho wa korido Kiduchu alikuwa amesimama, kitabu puani, midomo ikicheza.

"Umemlea," alisema mgeni wa kwanza.

"Umemlea kweli," alisema wa pili, kutoka nyuma.

Fundi alipokea vikombe vitupu, kimoja baada ya kingine, akavipeleka jikoni.