Gauni Lililokataa Kuoza

Fundi alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hakuna daktari aliyeuelewa: akisema uongo, anashikwa na kwikwi. Tena si kwikwi ya kistaarabu, ni kwikwi ya chura aliyekanyagwa. Siku alipomwambia wifi yake kwamba gauni jipya limempendeza, alikunywa glasi sita za maji ndipo akapona. Wifi hajasahau mpaka leo.

Sasa mtu wa namna hiyo, kazi yake ilikuwa nini? Kushona magauni na kuyatia lebo za kijani. Lebo zilisema: NIMEZALIWA NA MGOMBA, NITARUDI UDONGONI. Magauni yenyewe yalikuwa ya poliesta tupu, na marobota ya kitambaa yaliingia karakanani yameandikwa hivyo ubavuni kwa herufi kubwa. Lakini sindano haina mdomo. Fundi alishona kimya, kwikwi ikalala.

Mpaka asubuhi ile bosi alipomwita. Wafanyakazi walimwita Bwana Majani, maana kuanzia kofia mpaka soksi alivaa kijani.

"Leo anakuja mama mwenye maduka," alisema. "Wewe una uso wa mtu mkweli. Utamwambia kitambaa chetu ni cha nyuzi za migomba, umeziona kwa macho yako. Ukiniharibia, kesho usije."

Fundi alirudi kwenye cherehani yake akifuta machozi. Tangu mumewe aumie mgongo, cherehani ile ndiyo iliyolisha nyumba. Wifi yake, dada wa huyo mume, alikuwa meza ya pili akipiga pasi.

"Usilie, wifi. Fanya mazoezi," alimnong'oneza. "Anza na uongo mdogo. Sema: wifi yangu ni mrembo."

"Wifi yangu ni mre... kwik!"

"Mshenzi wewe! Hata hilo?"

Mama mwenye maduka alifika saa nne, miwani puani, mkoba kwapani. Hakutaka soda wala kiti. Alishika pindo la gauni, akalifikicha kwa vidole. Bwana Majani akamsukuma Fundi mbele.

"Kitambaa hiki," Fundi alianza, "ni cha nyuzi za mi... kwik! Za migo... kwik!"

Kule mezani Wifi aliuma kitambaa cha pasi asicheke.

"Anaona haya huyu!" Bwana Majani aliruka. "Mama, maneno ya nini? Ushahidi uko mlangoni!"

Pale mlangoni palikuwa na chungu kikubwa cha maua. Miezi mitatu nyuma, mbele ya wafanyakazi wote, Bwana Majani alifukia humo gauni moja la rangi ya waridi ili siku ya siku awaonyeshe wageni jinsi lilivyogeuka mbolea. Wote walidhani atalitoa kwa siri mapema. Wapi! Alikuwa ameisoma lebo yake mara nyingi mno, mpaka akaiamini.

Alichimba mwenyewe kwa koleo, akitabasamu. Akavuta. Gauni likatoka. Akalikung'uta mara moja tu, udongo wote ukadondoka, waridi ikang'aa kama imetoka dukani. Hakuna uzi uliolegea. Kilichooza ni lebo peke yake, maana siku ile lebo za kiwandani zilikuwa zimekwisha, na Fundi aliikata hiyo kwenye kipande cha pamba.

Bwana Majani alisimama na gauni mkononi kama mtu aliyekabidhiwa mtoto asiye wake.

"Fundi," mama mwenye maduka aliuliza, "hiki ni kitambaa gani?"

Fundi alimtazama bosi. Akamtazama Wifi. Akafumba macho.

"Poliesta, mama. Mia kwa mia."

Akangoja kwikwi. Haikuja. Hata ile iliyokuwa imeanza ilikata palepale, na pumzi ikashuka mpaka tumboni, mahali ilipokuwa haijafika kwa miezi.

Mama alilipindua gauni, akakagua ndani. "Na mshono huu uliokaa ardhini bila kuachia, wa nani?"

"Wangu."

"Mimi nina wafanyakazi wanaochana sare kila baada ya miezi miwili. Nishonee wewe. Lebo iandikwe kilichomo, basi. Bwana, unaweza kuandika kilichomo?"

"Naweza," alisema Bwana Majani kwa sauti iliyoshuka mpaka kwenye soksi. Kisha, bila kumtazama Fundi: "Na kesho uje mapema."

Mchana kutwa walifumua lebo za kijani, Fundi akiimba. Wifi alimsogelea na pasi yake.

"Wifi yangu una roho nzuri," Fundi alimwambia. Wakangoja wote wawili. Kimya.

Wifi akajifanya ana jasho, akapangusa macho. "Na urembo je?"

"Wifi, tusiichokoze."