Kiti Darini kwa Dalenda

Mgongo huu umenitesa miaka mingi, tena si wa kuchezewa: ukiamka vibaya, siku hiyo hata kuvaa viatu ni safari. Daktari wa mifupa hapa Nabeul alipochoka na mimi akaniambia, "Dawa nimekupa zote, mama. Sasa tafuta mshauri nasaha wa kukufundisha kuishi na maumivu."

"Mimi si mwendawazimu," nikamjibu.

Lakini kiangazi kilikuwa kinabisha hodi, na kiangazi ndipo wanawake wa kichochoro chetu tunapopanda darini kwa jirani yetu Dalenda, juu juani, kuviringa chenga za ngano ziwe kuskusi ya kula mwaka mzima. Mwaka uliopita nilimwambia nina mafua. Mafua ya Agosti, jua likichoma! Nikakaa nyumbani nasikia vicheko vyao juu, nikalia nimejifunika uso kwa taulo la jikoni. Nikaapa: mwaka huu nitapanda.

Basi mkwe wangu Saloua, mke wa mwanangu, akanitafutia washauri. Wa kwanza, kijana mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, akaniuliza, "Maumivu yakoje, mama?"

"Alhamdulillah," nikasema. Kwani kuna jibu jingine? Akafurahi. Tukazungumza habari za mama yake, nikamwombea dua, nikatoka. Wa pili, mwanamke, nikamjibu vivyo hivyo, na mwisho mimi ndiye niliyemfariji, maana mchumba wake alikuwa amehamia Ufaransa.

Saloua akashika kiuno. "Mama, tunakwenda kutibiwa au kutoa pole?"

"Sasa mwanangu, nimlalamikie Mungu mbele ya mgeni?"

"Mbona mbele yangu unalalamika tangu alfajiri?"

"Wewe si mgeni."

Wa tatu aliitwa Yosra, ofisi yake ikiwa juu ya duka la marashi ya maua ya mchungwa. Akanimiminia chai ya nanaa, akauliza, nikajibu neno langu lile lile. Akatabasamu. "Mungu tumekwisha kumshukuru, mama, na Yeye anajua yote. Nisiyejua ni mimi. Niambie mimi."

Loo! Chai ilipoa pale. Nilimweleza moto wa kiunoni, yale mafua ya uongo, hadi aibu ya kuinuliwa kitandani kama gunia.

"Ukifanya kazi, unapumzika lini?"

"Nikishindwa kusimama."

"Hapo umechelewa. Pumzika kabla mgongo haujakuamuru. Na wenzako waambie."

"Dalenda? Atanicheka mpaka Idi!"

"Acha acheke."

Nikawa namwendea kila wiki, ananifundisha kupumua, kulegeza mabega, na kuigawa kazi vipande vipande.

Siku ilipofika nikapanda darini, Saloua nyuma yangu na kiti. Wenzangu wamekaa chini, miguu wameinyoosha, masinia ya mbao mbele yao, chenga za ngano zimewapanda mpaka viwiko.

"Hee! Mongia kaja na kiti cha enzi!" Dalenda akapiga kelele.

"Mgongo unaniuma, Dalenda. Kila siku. Na mwaka jana sikuwa na mafua."

"Mafua ya Agosti, nani alikuamini? Tulidhani umenuna! Haya, shika chekecheke hili, utuchekechee."

Nikachekecha, mgongo ukinung'unika, nami nikipumua. Kabla haujakasirika nikainuka, nikazunguka taratibu kando ya mashuka yaliyoanikwa kuskusi. Niliporudi, kiti kimepata mwenyewe.

"Dalenda, ondoka."

"Kidogo tu, dada. Magoti yangu haya..."

"Yana nini?"

Akawatazama wenzetu, akanitazama mimi.

"Yananiua," akasema.

Nikamwita Saloua alete kiti kingine.